GARI LA NYUMBANI: Petroli Inapokatika Njiani na Kurudi Yenyewe

Ubovu wa gari uko wa namna mbili. Upo ule unaokaa mahali pake ukimngojea fundi: springi iliyovunjika, tairi lililopasuka, betri iliyokufa. Na upo ule unaokuja na kuondoka kwa hiari yake, ambao mwenye gari akifika nao gereji huwa umekwisha toweka. Fundi huwasha injini ikaitika mara moja, kisha humtazama mwenye gari kana kwamba ameota ndoto. Ubovu wa namna hii ya pili ndio unaozila fedha za jamaa wengi, na katika magari ya zamani yenye kabureta chimbuko lake, mara nyingi, ni petroli isiyofika injini kwa kiasi kinachotakiwa.

Gari linalotazamwa safari hii ni Land Rover Series III ya petroli, ambalo askari na polisi wengi walilijua kazini kabla ya kulijua nyumbani. Lilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, na injini yake ya silinda nne ina ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo. Lililo changa kuliko yote limekwisha fikia miaka arobaini, na bado yapo mashambani yanayobeba maziwa, ndizi na watoto wa shule. Sifa yake kubwa ni kwamba njia yake ya petroli iko wazi. Tangi liko chini ya kiti, bomba jembamba linakwenda mbele, pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na kabureta imekaa juu. Hakuna kompyuta wala pampu ya umeme. Mtu mwenye spana mbili, kopo safi na subira anaweza kuifuata njia hiyo toka mwanzo hadi mwisho bila kupotea.

Pampu yenyewe si kitu cha ajabu. Injini inapozunguka, kamshafti husukuma mkono mdogo wa chuma, na mkono huo huvuta diaframu, yaani ngozi nyembamba kama ya ngoma. Ngozi ikishuka hufyonza petroli kutoka tangini. Ikipanda huisukuma kwenye kabureta. Vali mbili ndogo huzuia petroli isirudi ilikotoka. Nguvu ya kusukuma ni kiasi cha pauni 2 tu kwa inchi ya mraba, ilhali tairi la gari hilo hilo hutiwa pauni 25 au zaidi. Kwa hiyo pampu hii ni kama mzee mwenye pumzi chache: hufanya kazi yake miaka mingi bila manung'uniko, lakini kizuizi kidogo tu humshinda.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mstaafu wa polisi aishiye upande wa Mbarara, ambaye kila alfajiri hukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka mjini, mwendo wa kilometa 40 hivi. Mwanzoni mwa kiangazi Land Rover yake ikaanza visa. Iliwaka vizuri kabla jua halijachomoza, ikaenda kilometa kumi au kumi na mbili, halafu ikaanza kuishiwa nguvu. Ekseleta ilikanyagwa hadi chini bila jibu, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Sajini alifungua boneti, akatazama, akaifunga. Akakaa chini ya mti. Baada ya dakika ishirini akawasha, na gari likaondoka kama halikuwa na neno. Kabla ya kufika mjini likazima tena. Maziwa yaliyotakiwa kufika saa mbili yalifika saa nne, na mpokeaji alipoyapima akaikataa mikebe miwili.

Fundi wa kwanza alisikiliza habari hizo akatoa hukumu papo hapo. "Afande, koili imechoka. Ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka." Maneno hayo yalikuwa ya akili, kwani koili mbovu hufanya hivyo hasa. Koili ikabadilishwa, pamoja na kondensa na plagi zote nne. Siku mbili gari likaenda vizuri, sajini akashukuru. Siku ya tatu, baada ya kupitia kituo cha petroli na kujaza tangi, likazima pale pale lilipozoea kuzima. Fundi wa pili akailaumu pampu. Pampu mpya ikaagizwa Kampala, ikafungwa, na visa vikaendelea. Kufikia hapo mtamba mmoja alikuwa amekwisha uzwa, na karo ya muhula uliofuata ilianza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Mafundi hao hawakuwa wezi, na si haki kuwatukana. Walifanya lile ambalo gereji nyingi hufanya: walisikia dalili, wakakumbuka kifaa ambacho siku moja kilileta dalili kama hiyo, wakakibadilisha pasipo kupima. Katika ubovu wa kudumu njia hiyo hufaulu mara kwa mara. Katika ubovu wa kuja na kuondoka ni bahati nasibu, tena ya gharama, kwa sababu siku mbili za nafuu zinaweza kumfanya kila mtu aamini kwamba dawa imepatikana.

Askari aliyepata kufanya upelelezi anajua kwamba mahali pa tukio hulindwa kabla nyayo hazijakanyagwa. Zile dakika ishirini chini ya mti ndizo zinazofuta nyayo. Katika muda huo koili iliyopata moto hupoa. Mvuke uliojaa katika bomba la petroli hurudi kuwa maji maji. Uchafu ulioziba mdomo wa bomba ndani ya tangi huachiliwa na kuanguka chini. Na hewa iliyokosa njia ya kuingia tangini hupenya polepole katika nyufa ndogo. Hizo ni sababu nne zisizo na udugu wowote, na zote huponywa na kungoja. Kwa hiyo mtu aliyengoja, akawasha, akaondoka, hakujifunza lolote ila kwamba gari lake ni gonjwa.

Kazi, basi, yafaa ifanywe katika dakika tano za kwanza. Gari lisogezwe nje ya njia lingali na mwendo, alama ya hatari iwekwe nyuma, na abiria washuke wasimame upande ulio mbali na barabara. Sigara isiwashwe na mtu yeyote. Na dereva asizungushe stata mara kumi kwa hasira, kwani huenda akaisukumia kabureta petroli kidogo na hivyo kuuharibu ushahidi anaoutafuta.

Jambo la kwanza ni kujua kama mshukiwa ni petroli au umeme. Bomba la hewa lililo juu ya kabureta lifunguliwe, kisha mtu atazame kooni mwa kabureta akitumia tochi, si kiberiti, huku mkono wa ekseleta ukisukumwa kwa kidole. Kabureta ya asili ya gari hili ina pampu yake ndogo ya kuongeza mwendo, ambayo hurusha mchirizi mwembamba wa petroli kila mkono unaposukumwa. Mchirizi ukionekana wenye nguvu, petroli imefika, na uchunguzi uhamie kwenye koili, platini na waya. Koo likiwa kavu, umeme hauna hatia kwa siku hiyo. Jaribio hili halihitaji hata spana zaidi ya bisibisi, na lingemwokolea yule sajini bei ya koili, kondensa na plagi.

La pili ni kulitazama bakuli la kioo lililo kwenye pampu, kwa magari yaliyobaki na pampu ya namna hiyo. Bakuli likijaa petroli safi, upande wa tangi haushukiwi sana. Likiwa nusu, au likionyesha mapovu, au likiwa tupu, shida iko nyuma ya pampu. Pampu hizo zina mkono mdogo wa kupampia kwa kidole, na kwa mkono huo mtu huweza kuona kama petroli inapanda au haipandi. Lakini iko siri yake: injini ikisimama mahali ambapo kamshafti imeusukuma mkono wa ndani hadi mwisho, mkono wa kidole hulegea na hausukumi kitu. Wengi wameitupa pampu nzima kwa sababu hiyo. Injini izungushwe kidogo kwa hendeli, kisha kujaribiwe tena.

La tatu ni mfuniko wa tangi, nao ufunguliwe polepole huku sikio likiwa karibu. Tangi linalotoa petroli lazima lipokee hewa badala yake. Likinyimwa hewa, ombwe hujengeka ndani, na pampu yenye pumzi chache hufika mahali isipoweza kushindana nalo. Mfuniko ukifunguliwa hapo husikika hewa ikiingia kwa mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi, na mara nyingi mfuniko wenyewe huwa umeng'ang'ania. Hata hivyo sauti peke yake haitoshi. Gari lililochomwa na jua huweza kutoa sauti kama hiyo, ila hapo ni mvuke unaotoka nje ukiwa na harufu kali ya petroli, na jambo hilo ni la kawaida. Ushahidi kamili ni huu: hewa imeingia, mkono wa pampu umepampiwa mara chache, na injini imewaka papo hapo bila zile dakika ishirini.

Baada ya hapo, kama mfuniko hauna hatia, kitambaa kilicholowa maji baridi kiwekwe juu ya pampu na bomba linalotoka kwake kwenda kwenye kabureta. Gari likifufuka kwa dakika mbili tatu, joto ndilo linaloshukiwa.

Kwa sajini, aliyekuja kuufumbua mkasa hakuwa fundi. Alikuwa mkewe, ambaye huandika katika daftari la shule mauzo ya maziwa ya kila siku, na upande wa pili wa karatasi fedha zilizotumika kwa petroli. Jioni moja, wakihesabu hasara, alifungua kurasa nyuma. "Mzee, maziwa yalianza kukataliwa Jumanne. Jumamosi iliyotangulia ndiyo siku ulipoibiwa mfuniko wa tangi sokoni." Sajini akakubali kwamba ni kweli, na kwamba siku hiyo hiyo alinunua mwingine ulio bora zaidi, wenye kufuli na mpira mnene, usiovujisha hata tone. Mama akaendelea kusoma. Kila siku aliyojaza tangi, kesho yake palikuwa na taabu. Siku alizokuwa na petroli nusu tangi, maziwa yalifika salama, au gari lilizima mara moja tu karibu na mjini.

Jambo hilo lilimchanganya sajini, kwani akili ya kawaida husema gari lenye petroli nyingi lina afya zaidi. Hesabu yake, lakini, si ngumu. Tangi la Land Rover fupi huchukua lita 45 hivi. Likitiwa lita 40, hewa iliyobaki ndani ni lita 5 tu. Gari likitumia lita 2, hewa ile ile ya lita 5 inalazimishwa kujaza nafasi ya lita 7, na mgandamizo wake hushuka zaidi ya robo. Lakini tangi likiwa na lita 20, hewa ni lita 25. Lita 2 zikitoka, hewa hiyo hutanuka hadi nafasi ya lita 27, na mgandamizo haushuki hata sehemu moja ya kumi. Gari la namna hii hutumia lita moja kwa kilometa tano au sita. Kwa hiyo, tangi likijaa, mwisho wa pumzi ya pampu ulikuwa kwenye kilometa ya kumi au kumi na mbili, pale pale lilipozoea kuzima. Na zile siku mbili za nafuu baada ya kubadilisha koili zilikuwa siku za nusu tangi.

Mfuniko mpya haukuwa na tundu la kupumulia. Kesho yake sajini alisimama kila baada ya kilometa tano, akaufungua mfuniko, akausikia ukivuta hewa, akaufunga, akaendelea. Mikebe yote ilifika. Siku iliyofuata alinunua mfuniko wenye kupumua, uliotengenezwa kwa gari la aina yake, kwa bei ambayo haikufika hata ya plagi zile nne.

Wako watakaosoma habari hizi na kwenda kuutoboa mfuniko kwa msumari. Wasifanye hivyo. Tundu la msumari huingiza mvua na vumbi, na gari likilala ubavu humwaga petroli. Mfuniko wa asili una njia ya hewa iliyopindishwa makusudi. Katika magari ambayo tangi hupumua kwa bomba dogo la pembeni, bomba hilo likaguliwe, kwani matope ya barabarani huliziba, na nyigu wajengao kwa udongo hulipenda tundu la ukubwa huo.

Si kila gari lina ugonjwa wa mfuniko. Ugonjwa unaofanana nao, lakini wenye tabia ya kinyume, ni wa bomba la kufyonzea lililo ndani ya tangi. Bomba hilo likipata ufa kwa kutu, gari huenda vizuri tangi likiwa limejaa, na hufa linapofika nusu au robo, hasa likipanda mlima au likikata kona, ingawa geji inaonyesha petroli ipo. Ufa ukifunikwa na petroli hauna madhara. Ukiachwa wazi, pampu hufyonza hewa. Mwenye gari aliye na daftari kama la yule mama huweza kuyatenga magonjwa haya mawili akiwa amekaa kitini: hili hufa likishiba, lile hufa likiona njaa.

Ugonjwa unaowasumbua mafundi kuliko yote pengine ni tobo dogo katika njia ya kutoka tangini hadi kwenye pampu. Wazee wakaao kuzunguka chungu cha malwa wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mrija ukipasuka juu ya pombe, mnywaji hufyonza na kufyonza akapata hewa, na hata tone moja halivuji nje. Vivyo hivyo njia hiyo ya petroli huwa katika hali ya kufyonza wakati wote injini inapofanya kazi. Mwenye gari hulala chini kwa tochi akitafuta unyevu asiuone, akaapa kwamba bomba ni zima. Dalili yake ni mapovu yasiyokoma katika bakuli la kioo, hasa injini inapozungushwa kwa kasi. Sehemu za kutazamwa ni mpira wa kuunganishia uliochanika chini ya klipu, gasketi ya bakuli lenyewe, na mahali ambapo bomba limesuguana na fremu kwa miaka. Mipira iliyotengenezwa zamani ina adui mwingine siku hizi. Katika nchi nyingi petroli huchanganywa na spiriti, na mpira usiotengenezwa kwa mchanganyiko huo huvimba kwa ndani, au hubambuka vipande vidogo ambavyo husafiri hadi kwenye kabureta. Kwa nje mpira kama huo huonekana mzuri. Ubadilishwe tu, kwani gharama yake ni ndogo.

Halafu upo uchafu. Petroli inunuliwayo kwa jerikeni kando ya njia huja na mchanga, maji, na mara nyingine kipande cha plastiki kilichotoka kwenye kizibo. Kipande hicho huelea tangini bila neno mpaka kifyonzwe kwenye mdomo wa bomba. Hapo hung'ang'ania kama jani kwenye bomba la kunyonya maji, na injini ikizima huachilia na kuondoka zake. Ili kumnasa mshukiwa huyu, bomba lifunguliwe upande wa tangi wa pampu, mfuniko uachwe wazi, na hewa ipulizwe kurudi tangini kwa pampu ya baiskeli. Vikisikika vibwiji vya hewa ndani ya petroli, na gari likaenda vizuri kwa siku moja au mbili kisha likarudia, tangi lina mgeni. Dawa ni kulimwaga tangi kwa kizibo cha chini, injini ikiwa baridi na moto ukiwa mbali, na kuikosha chujio ya wavu iliyo kwenye bomba la kufyonzea. Hewa isipulizwe kupitia pampu, kwani vali zake ni dhaifu.

Kuhusu maji, petroli kidogo kutoka chini ya tangi itiwe katika chupa nyeupe na iachwe itulie. Maji hukaa chini, na mpaka wake huonekana wazi kama mstari.

Ubovu wa joto, ambao madereva wengi huutaja kwanza, hutokea mara chache kuliko unavyolaumiwa. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za sentigredi, na mahali palipoinuka huchemka mapema zaidi. Ndiyo maana gari lisilo na taabu Masaka huweza kusumbua Kabale, kwenye meta zaidi ya 1,800, baada ya kupanda kwa gia ya pili mchana kutwa. Katika injini hii manifoldi ya kuingiza hewa imefungwa pamoja na ile ya kutolea moshi, na kabureta imekaa juu yao. Lakini ubovu huu una desturi yake. Mara nyingi huja gari linaposimama likiwa moto, kwa mfano sokoni au kwenye kizuizi cha barabarani, kisha likakataa kuwaka. Hauji alfajiri kwenye kilometa ya kumi. Bomba la petroli likisogezwa mbali na ekzosi, na gasketi nene ya kuzuia joto ikirudishwa chini ya kabureta, taabu hupungua au huisha.

Sindano ya kabureta inayokwama ni jambo la dakika moja. Kabureta igongwe kidogo kwa mpini wa bisibisi. Injini ikiamka, sindano na boya vikasafishwe.

Ikiwa majaribio yote haya hayakutoa jibu, njia hukatwa katikati. Fundi hufungua bomba lililotoka tangini na kuipa pampu petroli kutoka kopo la chuma lenye mfuniko, kwa mpira mpya, gari likiwa limesimama uwanjani, kopo likiwa mbali na ekzosi na betri, na ndoo ya mchanga au kizima moto karibu. Injini izungushwe kwa kasi kwa muda ule ule ambao kwa kawaida ingezima. Isipozima, ugonjwa uko nyuma ya pampu. Ikizima, uko kwenye pampu au mbele yake. Gari lisiendeshwe barabarani likiwa na kopo la petroli ndani ya boneti, hata kama fundi anasema amekwisha fanya hivyo mara mia.

Pampu ikithibitishwa kuwa mbovu, kijiti cha oili kinuswe kabla ya safari nyingine. Diaframu iliyopasuka huweza kumwaga petroli ndani ya oili ya injini, na oili iliyochujuka hivyo huua beringi. Oili inukayo petroli imwagwe yote.

Liko neno moja kwa wenye nyumba. Petroli inayotolewa tangini kwa ajili ya kazi hizi hutiwa mara nyingi katika chupa za soda, na chupa hizo husahauliwa jikoni au barazani. Ikae katika chombo cha chuma kilichoandikwa, nje ya nyumba, mbali na jiko na taa. Wala isifyonzwe kwa mdomo kupitia mpira, kama madereva wengi wanavyofanya kwa mazoea; tone likiingia mapafuni ni sumu kali kuliko likienda tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto aliyekunywa petroli asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali mara moja.

Na wenye magari yaliyokuja baadaye, yale yasiyo na kabureta, wasifungue mabomba yao kwa kufuata maelezo haya. Katika mengi ya magari hayo pampu ni ya umeme, imo ndani ya tangi, na husukuma petroli kwa mgandamizo wa pauni 30 hadi 45 au zaidi, ambao hubaki ndani ya bomba hata injini ikiwa imezimwa. Bomba likifunguliwa ovyo, petroli hurukia usoni au kwenye ekzosi yenye moto. Huko uchunguzi huanza kwa kusikiliza: ufunguo ukiwashwa, pampu hunguruma kwa sekunde chache. Kimya siku ya ubovu, na ngurumo siku ya uzima, humwelekeza fundi kwenye rilei, fyuzi na waya wa pampu kabla hajaligusa tangi.